Balehe Haiyeyushi Mafuta

Bariadi mjini, mkoani Simiyu, kuna sentensi moja inayofunga mazungumzo kabla hayajaanza. Mama anamtazama binti yake wa darasa la tano, sare imembana tangu muhula uliopita, anapanda ngazi mbili tayari anahema. Akisema pengine ampeleke hospitali, jibu linamjia kutoka kila upande: "Mwache, akibalehe atapungua." Bibi analisema, mwalimu analisema, jirani anayeuza mitumba analisema, na kuna siku hata mhudumu wa afya atalisema huku akikunja kadi. Mama anarudi nyumbani ametulia. Mtoto hapimwi.

Sentensi hiyo si ya kweli, na gharama yake inalipwa na mtoto. Haistahili kukataliwa kwa sababu ni ya wazee au ya kijijini, maana wasomi wa mjini nao wanaitumia kila siku. Inakataliwa kwa sababu mwili wa mtoto anayebalehe unafanya karibu kinyume cha inavyodai.

Ni haki kwanza kukiri kwa nini imeaminiwa muda mrefu hivyo. Mabibi wa Usukuma waliolea miaka ya ukame na surua walijua mtoto aliyenona ndiye mtoto aliyepona. Kisha ukaja ukimwi, na kukonda kukawa hukumu iliyotolewa sokoni bila kipimo cha damu. Familia iliyopita katika moto huo haiwezi kulaumiwa kwa kuuona unene kama kinga. Mpaka leo mtu akirudi kutoka safari akiambiwa "umenawiri", amepewa heri, na mwenyeji aliyemlisha amesifiwa pamoja naye.

Ipo pia chembe ya ukweli ndani yake. Mvulana wa miaka 13 au 14 hurefuka kwa kasi, mabega yakapanuka, misuli ikajaa, na yule aliyekuwa na mashavu ya duara akiwa na miaka 11 akaonekana mwembamba akiwa na 15. Jirani ameliona hilo kwa macho yake. Lakini alichokiona ni mtoto wa kiume, aliyekuwa amenenepa kidogo tu, ambaye kimo chake kilikuwa bado na nafasi ya kupanda. Ondoa jambo lolote katika hayo matatu na utabiri wote unaanguka.

Kwa msichana unaanguka tangu mwanzo. Homoni ya estrojeni inaupanga mwili wake uweke akiba ya mafuta nyongani, mapajani na kifuani, na hilo ni jambo jema, ni maandalizi ya uzazi. Msichana mwembamba akiongezeka hivyo anakuwa mzima zaidi. Msichana anayeingia katika balehe akiwa tayari na kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi, anaongezewa juu ya alichobeba. Tena mara nyingi anaingia mapema kuliko wenzake, kwa kuwa mafuta mwilini si mzigo uliolala tu. Tishu ya mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo na mwili unaweza kuanza safari ya utu uzima. Balehe ikianza mapema, ncha za mifupa zinazorefuka hufunga mapema vilevile. Kimo kile kilichotegemewa "kumpunguza" kinasimama kabla hakijafanya kazi hiyo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakiongozwa na Mark Simmonds, walikusanya tafiti zilizowafuatilia watoto kwa miaka mingi. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye kiribatumbo walifika ujanani nacho. Kati ya vijana waliokuwa nacho wakati wa balehe, karibu 8 katika kila 10 walikuwa nacho bado wakiwa watu wazima. Kama balehe ingekuwa dawa, hesabu hizo zingesomeka kinyume. Ni kweli kwamba watafiti haohao walionyesha pia kuwa watu wazima wengi wenye kiribatumbo hawakuwa nacho utotoni, na anayetetea sentensi ya jirani anaweza kulishika hilo. Lakini linachosema ni kwamba kuna njia nyingine nyingi za kunenepa ukubwani. Halisemi kwamba mtoto mnene atapona.

Jambo la hatari zaidi halionekani hata kwa nguo kubana. Katikati ya balehe, kwa kila mtoto, mnene kwa mwembamba, uwezo wa mwili kuitikia insulini hushuka kwa kama theluthi moja. Kongosho hulazimika kuzalisha insulini zaidi ili sukari ileile ishuke. Mtoto mwembamba huvuka kipindi hicho bila kujua kimepita, na balehe ikiisha mwitikio wake hurudi. Mtoto mwenye mafuta mengi tumboni na kwenye ini anakiingia kongosho lake likiwa limekwishachoka. Ndiyo maana kisukari cha aina ya pili, ugonjwa uliozoeleka kuitwa wa wazee, kinapowapata watoto huwapata zaidi katika miaka hii hii ambayo jirani anasema tungoje.

Na kikiwapata mapema ni kikali. Marekani iliwafuatilia vijana walioanza kuugua wakiwa na miaka kati ya 10 na 17. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba walipofika wastani wa miaka 26, watu 6 katika 10 walikuwa tayari na angalau dhara moja katika mishipa midogo ya damu, yaani figo, macho au neva. Miaka 26 ni umri wa mtu anayelea mtoto wake wa kwanza. Hawa walikuwa na dawa na madaktari wa kuwafuatilia.

Kuna dalili moja ambayo kila mzazi wa Bariadi anaweza kuiona bila mashine, na kwa bahati mbaya ndiyo inayofutwa kwa dodoki. Ngozi ya nyuma ya shingo, makwapani na kwenye mikunjo inakuwa nyeusi, nene, kama kitambaa cha mahameli. Mama anadhani mtoto hajui kuoga. Anamsugua kwa sabuni ya kipande, anamgombeza, anamsugua tena, na weusi hautoki kwa kuwa si uchafu. Mara nyingi ni alama kwamba insulini imejaa kwenye damu kupita kiasi, mwili ukipigana kuizuia sukari isipande. Mtoto anaaibishwa mbele ya ndugu zake kwa ugonjwa unaoweza kupimwa kwa tone la damu. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, weka dodoki chini.

Wanaposhindwa kwenye hoja ya balehe, watetezi wa sentensi ile hukimbilia ngome ya pili: haya ni mambo ya Dar es Salaam. Huko ndiko kuna magari ya shule na watoto wa ghorofani. Kweli Dar ina tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanafunzi 446 wa shule za msingi za jiji hilo uliona kama mtoto 1 kati ya 20 ana kiribatumbo. Simiyu, wanasema, ni mkoa wa pamba na ugali, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na Mwanza, wenye watu milioni 2.1 kwa sensa ya 2022, wengi wao wakulima na wafugaji. Tatizo letu ni udumavu. Kitaifa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano umeshuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16 hadi 30 mwaka 2022, yaani karibu mtoto mmoja kati ya watatu bado ni mfupi kuliko umri wake. Basi tuishughulikie njaa kwanza, unene utangoje zamu yake.

Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote lilipo. Njaa na unene havikai foleni. Kimoja hukizaa kingine ndani ya mwili uleule.

Daktari wa Kiingereza David Barker alilionyesha hili kwa daftari za wakunga wa Hertfordshire, walioandika uzito wa kila mtoto aliyezaliwa tangu mwaka 1911. Alipowatafuta watoto wale walipozeeka, waliozaliwa wadogo ndio waliokufa zaidi kwa moyo. Mtoto aliyebanwa tumboni au miaka miwili ya mwanzo hujengwa kwa ubahili, kongosho dogo, misuli michache, mwili unaoshika kila punje. Nchini Brazil, Ana Lydia Sawaya na wenzake walichunguza watoto waliodumaa katika mitaa ya mabanda ya São Paulo, wakaona miili yao inachoma mafuta kidogo kuliko ya wenzao wa mitaa ileile wasiodumaa. Chakula kikiongezeka, mtoto kama huyo hapandi, anatanuka.

Tena anaweza kutanuka bila mizani kumsema. Mwaka 2004 madaktari wawili, Yajnik wa Pune, India, na Yudkin wa London, walichapisha picha yao wakiwa bega kwa bega. Uwiano wao wa uzito na kimo ulikuwa sawa kabisa, 22.3, namba ambayo kitabu chochote kinaiita ya afya. Mafuta ya mwili ya Mwingereza yalikuwa asilimia 9.1. Ya Mhindi yalikuwa 21.2. Yajnik alikuwa ameonyesha kwamba watoto wa vijiji vya Pune huzaliwa na kilo chache lakini mafuta mengi kwa kilo hizo. Sasa fikiria mtoto wa Itilima au Meatu, wilaya za Simiyu, aliyedumaa akiwa na miaka miwili, akahamia mjini kwa shangazi akiwa na tisa, akaanza kula vizuri. Kilo zake zinaonekana za kawaida. Kimo chake ni kifupi, na kiuno chake kimejaa. Hakuna atakayemwita bonge. Huyu ndiye mtoto anayehitaji kupimwa kuliko yule wa mtaa wa Masaki, Dar es Salaam, na ndiye ambaye kila mtu anasema hana shida.

Kwa hiyo kusema Simiyu haina haja ya kuhofia unene kwa sababu ina udumavu ni sawa na kusema nyumba ya makuti haihitaji kuogopa moto kwa sababu tayari inavuja.

Wapo watakaoleta hoja ya miguu. Watoto wetu wanatembea, wanateka maji, wanachunga ng'ombe, wanapalilia pamba. Hoja hii ina heshima yake, kwani mwendo huimarisha moyo, mifupa na mwitikio wa insulini, na hakuna anayetaka mtoto akae. Lakini haitoshi kuzuia unene, na ushahidi uko mlangoni. Karibu na Ziwa Eyasi, linalopakana na Meatu, wanaishi Wahadzabe, ambao kutwa wanatembea kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati walivyochukua kwa Wahadzabe 30 wazima. Kila mtu alitarajia wanatumia nishati nyingi mno. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, walitumia kwa siku sawa na watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa maofisini. Kilichowaweka wembamba hakikuwa mwendo peke yake. Ni mizizi, ubuyu, matunda pori, nyama na asali, chakula kisichouzwa kwenye pakiti.

Na chakula cha Bariadi kinabadilika. Lami kutoka Lamadi, na baadaye ile ya Maswa, imeleta mema mengi ambayo hakuna atakayeyakana. Imeleta pia makreti ya soda kila siku. Mtoto wa kizazi kilichopita alikwenda shule na michembe ya viazi vitamu mfukoni, akarudi kwenye matobolwa, mboga za nsansa na maziwa mgando. Wa leo anapewa sarafu. Getini anakuta mandazi, chipsi, barafu za rangi, juisi ya unga na soda. Akina mama wanaouza pale wanatafuta ada za watoto wao wenyewe, na makala haya hayana neno baya juu yao. Wanauza kinachonunuliwa. Lakini chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, kikomo hicho ni gramu 40. Chupa moja ya saa nne asubuhi imekwisha kumaliza karibu mgao wote wa siku, na chai ya jioni yenye vijiko vitatu bado haijamiminwa.

Liko jambo lingine linalohusu balehe ya mapema ambalo Usukuma hauwezi kulipita kimya. Msichana wa miaka 10 mwenye mwili mkubwa na kifua kilichoanza hatazamwi kama mtoto wa miaka 10. Anaambiwa "amekua". Wanaume wanamwangalia vingine, na kwenye familia iliyobanwa, ng'ombe wa mahari wanaanza kuhesabiwa. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, Bariadi ikiwa bado ndani ya Shinyanga, mkoa huo uliongoza nchi kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 katika 100 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Rebeca Gyumi aliishtaki Serikali juu ya vifungu hivyo, Mahakama Kuu ikampa haki Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali Oktoba 2019. Ukubwa wa mwili si umri. Anayesema "akibalehe atapungua" anamsukuma mtoto aingie kwenye balehe ya mapema bila kinga yoyote, halafu jamii hiyohiyo inaisoma balehe hiyo kama ruhusa.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mikataba ya lishe iliyoanza kusainiwa na wakuu wa mikoa mwaka 2017 iliagiza kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini angalia mahali inapokoma. Mtoto hupimwa kliniki mwezi kwa mwezi, kadi ikajazwa nukta, kisha akifikisha miaka mitano kadi inawekwa kwenye sanduku. Kutoka hapo mpaka apate ujauzito au augue, msichana wa Simiyu anaweza asipande mizani ya afya hata mara moja. Balehe nzima inapita gizani. Kisha taifa lilishangaa pale utafiti wa 2015/16 ulipoonyesha wanawake 28 katika 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, kana kwamba walishuka kutoka mbinguni wakiwa hivyo.

Hapana haja ya mradi mpya wala magari mapya. Wahudumu wa afya wanafika shuleni tayari. Tangu 2018 wanawafikia wasichana kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Na kuna jambo ambalo pengine halijawahi kufikiriwa vya kutosha: kwenye kampeni za dawa za kichocho, ugonjwa unaoujua vizuri mkoa huu, mwalimu humsimamisha kila mtoto kwenye kijiti cha kimo ili ajue ampe vidonge vingapi. Kimo cha mtoto wa Simiyu kinapimwa. Kinatumika kuhesabu vidonge, kisha kinasahauliwa dakika hiyohiyo. Halmashauri sita za mkoa, Bariadi Mji, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, zingeweza kuongeza mizani moja na daftari moja kwenye foleni ileile, kuanzia darasa la tatu, na kwa mara ya kwanza mkoa ungejua watoto wake wanavuka balehe wakiwa katika hali gani.

Atakayepatikana na shida asinyimwe chakula. Hilo lisemwe kwa sauti, kwa sababu kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Mtoto anayekua hahitaji kupungua kilo; mara nyingi inatosha uzito usimame huku kimo kinapanda. Maji yachukue nafasi ya soda, michembe na maharage virudi, alale mapema, acheze kila siku, na asiitwe bonge na mtu yeyote, wa nyumbani wala wa shuleni. Mtoto anayechekwa huacha michezo, hula kwa kujificha, na hukimbia mizani.

Mzazi naye asiingoje halmashauri. Chukua uzi mrefu, ule wa pamba yetu wenyewe, pima kimo cha mtoto wako aliyezidi miaka mitano kutoka unyayo hadi utosini, ukate, uukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni pake usawa wa juu kidogo ya kitovu bila kuvuta. Ncha zikikutana, endelea kumlea ulivyokuwa ukimlea. Zisipokutana, mpeleke zahanati iliyo karibu au hospitali ya mkoa pale Nyaumata, akapimwe sukari na shinikizo la damu, na umwambie mhudumu utakayemkuta kwamba hukuja kuambiwa angoje abalehe.